Gazi ya kutuliza mutoto mwenye kuogopa munganga wa meno: inafanya kazi namna gani?

Jino la mutoto linapendaka kuuma usiku. Ikuwe Goma, Bukavu, Butembo, Uvira ao Bunia, mambo yanapita karibu namna moja: muchana mutoto anacheza, usiku analia, asubui shavu imevimba. Muzazi anajaribu maji ya chumvi, kisha karafuu, kisha kidonge cha parasetamoli chenye kilibakia ndani ya sanduku. Wakati wanafika kwa munganga wa meno, jino limekwisha kuoza mupaka ndani, mutoto hajalala siku mbili ao tatu, na njaa inamusumbua juu hawezi kutafuna. Pale anaona kiti kikubwa, taa ya kupiga machoni, vyombo vya chuma, na mutu mwenye kufunika mudomo. Anafunga kinywa. Hata umuahidi biskuti, hafungui.

Fasi mingi, dawa ya uoga ule ni nguvu. Papa anashika mikono, mama anashika kichwa, muuguzi anashika miguu, na jino linatoka. Kazi imeisha kwa dakika kumi. Lakini mutoto amejifunza kitu chenye hatasahau: kwamba kule wanakushika na wanakuumiza. Wanganga wa meno wanajua vizuri mutoto yule. Wanamuona tena kisha miaka makumi mbili, mutu muzima, mwenye alivumilia maumivu kwa miezi mingi mupaka taya likavimba, juu kiti kile hakimutoke kichwani.

Katika inchi mingi kuko njia ingine katikati ya nguvu na kulazwa usingizi kabisa. Mutoto anavalishwa masiki ndogo ku pua, anavuta hewa yenye kuchanganywa na gazi fulani, na kisha dakika chache uoga unashuka. Halali. Anasikia munganga, anajibu, anafungua kinywa wakati anaombwa. Wakati masiki inatoka, gazi inatoka pia katika mwili, na kisha muda mufupi mutoto anarudia nyumbani na miguu yake.

Gazi gani?

Jina lake ni protoksidi ya azoti. Watu wengi wanaijua kwa jina la gazi ya kuchekesha, na jina lile linadanganya kidogo, sababu watoto wengi hawacheki hata kidogo: wanatulia tu. Haina rangi, harufu yake iko sukari kidogo. Haiko gazi ya jikoni, haiko gazi ya kulehemu, na haiko oksijeni ya kawaida ya hospitali.

Priestley, mutu wa Uingereza, ndiye aliitengeneza mara ya kwanza, katika 1772. Humphry Davy alijipimia yeye mwenyewe mujini Bristol kuanzia 1799, akaandika katika 1800 kwamba ingeweza kusaidia wakati wa kupasua wagonjwa. Hakuna mutu alimufuata. Kwa zaidi ya miaka makumi ine gazi ile ilikuwa mchezo wa sokoni: watu walilipa feza ili waivute na wengine wawacheke.

Ni munganga wa meno ndiye alibadilisha mambo. Tarehe 10 Desemba 1844, mujini Hartford huko Marekani, Horace Wells alienda kutazama mchezo ule na mukewe. Akaona mutu moja mwenye alikuwa amevuta gazi anajigonga muguu vibaya, damu inatoka, na yeye hasikii kitu. Kesho yake, Wells akavuta gazi na akamuomba mwenzake amutoshe jino moja. Hakusikia maumivu. Mwezi wa kwanza 1845 akaenda Boston kuonyesha wanganga na wanafunzi, lakini mgonjwa akalia wakati jino linatoka, na watu wote wakamuzomea Wells. Alikufa katika 1848, akiwa na aibu ile. Gazi ilirudia kwa wanganga wa meno kuanzia 1863, na haijatoka tena.

Kuko jambo moja katika historia ile lenye lingali na maana leo. Mgonjwa wa Boston alilia juu protoksidi ya azoti peke yake haina nguvu ya kulaza mutu kabisa na kumaliza maumivu yote. Inapunguza uoga, inapunguza maumivu kidogo, na inafanya saa ipite haraka. Basi. Kwa kutosha jino ao kulichimba, shindano ya ganzi inabakia ya lazima. Kazi ya gazi ni kufanya mutoto aikubali shindano ile. Munganga mwenye kumuambia muzazi kwamba gazi itafanya kazi yote hasemi kweli.

Namna kikao kinapita

Kuko namna mbili za kutoa gazi ile, na muzuri kuzitofautisha.

Ya kwanza inatumiwa sana Marekani na Uingereza. Chombo kinaungwa ku chupa mbili, moja ya oksijeni na ingine ya protoksidi ya azoti, na munganga anachanganya kadiri anavyotaka. Anaanza na oksijeni tupu, asilimia 100. Kisha anatia gazi kidogo kidogo, asilimia 10, dakika moja anamutazama mutoto, asilimia 10 tena. Watoto wengi wanatulia kati ya asilimia 30 na 50. Vyombo vya leo vimetengenezwa ili oksijeni isishuke chini ya asilimia 30, hata kama munganga anakosea kuzungusha kifungo. Na ikiwa oksijeni inaisha katika chupa, gazi ingine inakatika yenyewe. Hewa tunayovuta kila siku iko na oksijeni karibu asilimia 21. Kwa hiyo mutoto mwenye masiki ile anapata oksijeni mingi kuliko mwenye kuikaa inje.

Namna ya pili, watu wenye walisomea Kifaransa wataisikia chini ya jina MEOPA. Ni chupa moja yenye mchanganyiko uliokwisha kutengenezwa: nusu oksijeni, nusu protoksidi ya azoti. Hakuna kubadilisha kipimo. Waingereza ndio walianza na mchanganyiko wa namna ile katika 1961, kwa ajili ya wamama wenye uchungu wa kuzaa. Huko Ufaransa ulikuwa wa hospitali tu kwa miaka mingi. Tangu 2009 wanganga wa meno wenye walifundishwa wanaruhusiwa kuutumia pia katika vyumba vyao vya kazi. Kikao hakipashwi kupita dakika 60.

Mutoto mwenyewe anaona nini? Kwanza munganga anamuachia masiki aichezee. Ataigusa, ataivalisha mudoli wake ao mama yake. Masiki zingine zinatiwa harufu ya matunda. Hakuna haraka pale, na wanganga wenye kuzoea kazi wanasema dakika zile tano za kuchezea masiki zinafanya nusu ya kazi. Kisha: «Papa, ivae sawa rubani wa ndege. Vuta na pua, polepole, sawa vile unanusa supu ya mama.» Kisha dakika mbili ao tatu mutoto anasikia vidole vinawasha sawa vimelaliwa, miguu inakuwa nzito ao nyepesi, mwili unapata joto, sauti zinakuwa sawa zinatoka mbali. Mikono yenye ilikuwa imekamata kiti inaachilia. Macho yanabakia wazi, lakini yanatazama mbali. Munganga anaendelea kusema naye wakati wote, na sauti iko sehemu ya dawa: watoto wenye kuvuta gazi ile wanapokea hadithi kwa urahisi, unaweza kuwapandisha ndege ao kuwapeleka kuogelea ku ziwa na watakufuata.

Hapo munganga anapakaa dawa ya ganzi ku ufizi, anangoja, kisha anapiga shindano polepole. Mutoto anaweza kukunja uso. Mara mingi haendi mbali zaidi ya pale.

Wakati kazi imeisha, gazi inafungwa lakini masiki haitoke. Mutoto anavuta oksijeni tupu dakika tatu mupaka tano. Sababu iko hii: protoksidi ya azoti inatoka katika damu kwa haraka sana na inajaa ndani ya mapafu, inasukuma oksijeni pembeni, na mutoto anaweza kupata kizunguzungu ao kichwa kuuma. Muzazi mwenye kuona masiki inatoshwa mara moja na mutoto anasimamishwa dakika ile ile ana haki ya kuuliza.

Kisha robo saa hivi, mutoto anasema kama kawaida na anatembea sawasawa. Haina kazi ya kulala hospitalini. Lakini ganzi ya shindano inabakia ndani ya mudomo kwa saa mbili ao zaidi, na watoto wengi wanajiuma mudomo wa chini bila kujua. Hii haitoke ku gazi, inatoka ku ganzi, na inashangaza wazazi kesho yake wakati mudomo umevimba. Chakula kinangoja.

Watoto gani haifai

Gazi inapita ku pua. Mutoto mwenye mafua, pua yenye kuziba, hataivuta, na kikao kinarudishwa siku ingine. Ni sababu ya kawaida kuliko zote, na haiko ya hatari, inachokesha tu wazazi wenye walilipa moto mara mbili.

Zingine ni za kweli. Protoksidi ya azoti inapenda kuingia fasi yoyote mwilini yenye hewa imefungwa, na kuipanua. Kwa hiyo haitolewe kwa mutoto mwenye hewa imeingia inje ya pafu, mwenye utumbo umefungana, mwenye alitoka kupasuliwa sikio ao jicho, ao mwenye alipigwa kichwa na kuko wasiwasi ya ubongo kuvimba. Neno la mwisho lile lina uzito katika majimbo yenye ajali za pikipiki ni mingi: mutoto mwenye alianguka na meno yakavunjika anapimwa kichwa mbele ya kufikiri juu ya meno. Pia gazi inaharibu kazi ya vitamini B12 mwilini. Mara moja kwa mutoto mwenye afya, hakuna shida. Kwa mutoto mwenye utapiamlo wa nguvu ao mwenye damu kidogo yenye haijajulikana sababu, munganga anapashwa kupima kwanza. Na mama mwenye mimba ya miezi mitatu ya kwanza hapashwi kuikaa karibu na kiti; shangazi ao papa aingie na mutoto fasi yake.

Umri pia unahesabika. Mbele ya miaka ine hivi, watoto wengi hawakubali masiki, na masiki ya kulazimishwa inarudisha kila kitu kwenye nguvu yenye watu walitaka kukimbia. Mutoto mwenye anapiga na kulia kwa sauti havuti gazi, anatoa hewa. Mutoto sawa yule, ao mwenye ulemavu wa akili unaomuzuia kuelewa, ao mwenye meno nane ya kutoshwa siku moja, mara mingi anaomba usingizi kamili wa hospitali, na munganga wa kulaza wagonjwa. Ile ni kazi ingine, na hatari yake ni kubwa zaidi.

Mambo mabaya yenye inaweza kuleta kwa mutoto mwenye afya ni madogo: kichefuchefu, mara moja moja kutapika, kizunguzungu, ao mutoto kushtuka juu hapendi ile hali ya kuelea. Wengine wanalia wakati wanavaa masiki na wanacheka wakati inatoka. Wanganga wengi wanaomba mutoto ale kidogo saa mbili mbele, asije na tumbo tupu wala na tumbo imejaa fufu.

Hatari zenye haziko za mutoto

Mwenye kuvuta gazi nyingi kuliko wote haiko mutoto. Ni muuguzi mwenye kuisimamia kila siku. Gazi yenye mutoto anapumua inje inabakia katika chumba, na chumba kidogo chenye dirisha moja lenye kufungwa kinajaa upesi. Utafiti moja wa Marekani, wenye ulitolewa katika 1992, ulipima wasaidizi wa wanganga wa meno: wanawake wenye walifanya saa tano ao zaidi kwa juma katika vyumba vyenye havina chombo cha kuvuta gazi ya mabaki walikawia kupata mimba kuliko wengine. Tangu pale, masiki mbili ndani ya moja, yenye mupira wa kurudisha gazi inje ya nyumba, zimekuwa sehemu ya chombo. Kufungua dirisha kunasaidia, lakini hakutoshi.

Chupa nazo. Kwa kanuni za Ulaya, bega la chupa ya protoksidi ya azoti linapakwa rangi ya buluu, la oksijeni nyeupe. Marekani buluu inabakia, lakini oksijeni ni kijani. Katika historia ya kazi hii kuko watu walikufa juu mipira ilibadilishwa, moja ku fasi ya ingine, na ndiyo sababu vichwa vya chupa vinatengenezwa na vipini vyenye haviingiliane. Katika inchi yenye vyombo vya musaada vinatoka pande zote za dunia, kusoma maandishi ku chupa kunashinda kuamini rangi.

Na kuko vijana wenye kuivuta ku puto kwa raha. Huko Ulaya imekuwa ugonjwa wa mujini: ku kuivuta kila siku, B12 inaisha kazi, mishipa ya fahamu ya uti wa mugongo inaharibika, na kijana wa miaka 20 anaanza kutembea vibaya. Ufaransa ilikataza kuiuzisha watoto katika 2021, na Uingereza iliifanya kuwa kosa kuwa nayo kwa ajili ya kujifurahisha katika 2023. Vichupa vidogo vile ni vya kutengeneza krimu ya keki. Havikutengenezwa kwa kupitisha katika pafu la mutoto, havina oksijeni ndani, na hakuna mutu anapashwa kujaribu navyo katika chumba cha meno.

Kwa wenye kujali mambo ya hali ya hewa: gazi moja hii inapasha dunia joto karibu mara 270 kuliko gazi ya kaboni kwa uzito ule ule, na inabakia angani zaidi ya miaka 100. Hospitali za Uingereza zimeanza kuacha mabomba marefu yenye kuvuja na kurudia chupa ndogo.

Na hapa mashariki ya Kongo?

Protoksidi ya azoti iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Kuwa katika orodha haimaanishi kuwa ku meza ya munganga. Chupa ni nzito, iko na presha, haipandishwi ndege sawa gunia la mchele, na barabara za majimbo haya kila mutu anazijua. Ikiisha, inapashwa kwenda kujazwa kwa kiwanda cha gazi za hospitali na kurudia. Mashine ya kutengeneza oksijeni kutoka hewani, yenye inapatikana katika hospitali kadhaa, haitoe protoksidi ya azoti na haisaidie kuitengeneza. MEOPA iko na magumu moja zaidi: kwa baridi ya chini ya sifuri gazi mbili zinaachana ndani ya chupa. Kusema kweli, hata Lubero usiku baridi haifike pale, na kwa jambo lile moja milima ya hapa haina lawama.

Lakini chupa haiko kizuizi cha kwanza. Ni wanganga. Kulingana na ripoti ya OMS ya 2022 juu ya afya ya kinywa, watoto milioni 514 hivi duniani wako na meno ya kwanza yenye kuoza, na katika Afrika wanganga wa meno hawafiki hata mumoja kwa watu 10 000. Fasi mutoto wa kijiji anatembea siku nzima ili aone mutu mwenye kujua kutosha jino, swali la gazi linaonekana sawa anasa. Wengine watasema hivyo, na wako na haki kwa sehemu. Lakini mutoto yule ndiye mwenye atashikwa na watu watatu, juu hakuna wakati na watu wanangoja inje. Kuacha jambo la uoga kwa matajiri peke yao ni kuamua kwamba maskini hawana uoga.

Kwa hiyo swali la leo ni: bila gazi, nini inawezekana? Mingi.

Kitu cha kwanza hakiombi hata franga moja. Wanganga wa watoto wanaiita kusema, kuonyesha, kufanya, na ilianza kufundishwa kwa maandishi Marekani katika 1959. Munganga anaambia mutoto kitu chenye atafanya kwa maneno ya mutoto, anamuonyesha ku kidole chake ao ku mudoli, kisha anafanya kitu kile kile, na haongezi kingine cha kushtukiza. Kioo kinahesabu meno. Mutoto anainua mukono akitaka kupumzika, na munganga anasimama kweli. Ikiwa anainua mukono mara mbili na munganga anaendelea, mukataba umevunjika na hautarudi.

Ya pili: ganzi yenye kupigwa vizuri. Kupakaa ufizi, kungoja dakika mbili kamili, shindano nyembamba, dawa isiingizwe kwa nguvu. Kisha kungoja tena. Watoto wengi wenye kuitwa wakaidi ni watoto wenye jino lao lilivutwa mbele ganzi haijashika.

Kuko pia njia za kuhudumia jino bila mashine yenye kupiga kelele. Moja ilizaliwa katika inchi jirani: katikati ya miaka ya 1980, huko Tanzania, wanganga wa meno wenye walifanya kazi fasi hakuna umeme walianza kukwangua sehemu ya jino yenye kuoza na vyombo vya mukono tu, kisha kuziba tundu na simenti yenye kutoa floridi. Inafanyika ku benchi ya masomo ao ku meza, na mara mingi bila shindano, juu haigusi sehemu yenye kusikia maumivu. Ingine ni dawa ya maji yenye feza na floridi, yenye kupakwa ku jino kwa dakika moja hivi na kusimamisha kuoza. Ubaya wake uko moja: fasi yenye kuoza inakuwa nyeusi kabisa na inabakia vile. Muzazi anapashwa kuambiwa mbele, si kisha. OMS ilitia dawa ile, simenti ile na dawa ya meno yenye floridi katika orodha yake ya lazima katika 2021. Zinafaa jino lenye halijafika kuuma usiku. Lenye usaha, hapana.

Kitu chenye hakipashwi kufanyika nyumbani ni kumunywesha mutoto dawa ya usingizi mbele ya kutoka. Siro ya kikohozi yenye kulaza, nusu ya kidonge cha diazepamu cha nyanya, promethazini ya farmasi ya pembeni: kipimo hakijulikani, mutoto anaweza kulala sana ku kiti mupaka anasahau kupumua, na munganga mwenye hajaambiwa hajui sababu. Ikiwa alikunywa kitu, hata chai ya majani, ni lazima kusema.

Na kuko maneno ya nyumbani. «Ukikosa kunyamaza, nitaita munganga akupige shindano.» Karibu kila mutoto wa hapa amekwisha kusikia ile, na hakuna gazi yenye kufuta haraka kitu chenye mama alipanda kwa miaka tano. Wala haifai kumuahidi kwamba hatasikia kitu kabisa. Wanganga wanapenda muzazi aseme maneno mafupi: munganga atatazama jino, atalisaidia, mama atakuwa pale. Mutoto mwenye anakuja mara ya kwanza siku jino haliumi, kuhesabiwa meno tu na kurudia nyumbani, anakuwa mutoto mwingine siku linauma.

Kwa wenye watakuta gazi hii, ikuwe hospitali ya muji mukubwa ama wakiwa Kampala, Kigali ao Ulaya kwa ndugu, maswali ya kuuliza si mengi. Nani amefundishwa kuitoa? Nani atamutazama mutoto wakati munganga anatazama jino, sababu mutu moja hawezi kufanya vyote viwili? Kuko kifaa cha kidole chenye kupima oksijeni ya damu, na oksijeni ya haraka ikiwa mambo yanageuka? Chumba kinatoa hewa namna gani? Na bei: inahesabiwa pamoja na jino, ao peke yake? Munganga mwenye kukasirika juu ya maswali haya anatoa jibu pia.

Kuko siku moja yenye uoga wa mutoto hauhesabiki. Shavu yenye kuvimba mupaka karibu na jicho, ao uvimbe mugumu chini ya taya, homa, mutoto mwenye hafungui kinywa tena, mwenye kutoa mate juu hawezi kumeza, mwenye kupumua kwa shida: hapo usaha wa jino umeanza kutembea katika shingo. Haiko tena mambo ya kiti cha munganga wa meno wala ya masiki. Ni hospitali kubwa, usiku ule ule, bila kungoja asubui.